Pilipili mbuzi kwenye ndoo hapa Tanga: kutoka mbegu hadi mavuno, na kwa nini chumvi ndiyo adui wa kwanza

Bustani ya Raskazone (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu, wadau. Nyumba nyingi za mjini Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Sahare, zina ndoo mbili tatu za pilipili mbuzi karibu na kibaraza, na katika nyingi ya ndoo hizo mambo huenda kwa namna ile ile: mche huanza vizuri, hufikia urefu wa goti, kisha kingo za majani hukauka, maua hudondoka, na mwenye mche hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya wadudu. Naandika uzi huu kwa sababu naamini kwamba wengi wetu tunautibu mche ugonjwa ambao hauna. Hapa pwani, kinachoangusha pilipili ya ndooni mara nyingi kuliko vidukari na ukungu ni maji, yaani chumvi iliyomo katika maji ya kisima pamoja na maji yanayotuama kwenye mizizi. Nitaeleza kazi yote kuanzia mbegu, lakini mtaona kwamba karibu kila hatua inaturudisha hapo.

Pilipili mbuzi ni ya jamii ya Capsicum chinense, ambayo ilianza kulimwa na wenyeji wa bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini. Mmea huu ulizoea joto, unyevu hewani na mvua nyingi isiyo na chumvi. Joto na unyevu Tanga tunavyo vya kutosha. Maji matamu ndiyo ambayo hatuwezi kuyachukulia kuwa yapo tu, hasa sisi tunaoishi karibu na bahari, kwenye ardhi ya matumbawe.

Kuhusu mbegu, chagueni tunda lililoiva kabisa, lililobadilika rangi lote, kutoka kwenye mche wenye afya na uliozaa vizuri. Ikiwa mche huo ulikuwa jirani na pilipili za aina nyingine, nyuki wanaweza kuwa wamezichanganya, na hapo miche itakayoota inaweza isifanane na mama yake. Vivyo hivyo mbegu za tunda la chotara lililonunuliwa sokoni hazitabiriki. Zitoeni mbegu, zianikeni kivulini juu ya karatasi mpaka zikauke, kisha zihifadhini katika chupa yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu unyevu wa hewa yetu huzidhoofisha mapema. Mimi sipandi mbegu iliyokaa zaidi ya miaka miwili. Anayenunua pakiti na aangalie kama ina alama ya uthibitisho wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Mbegu hizi huota vizuri katika joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo kwetu ni joto la kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Zifukieni kina cha sentimita moja tu katika udongo laini uliolowana bila kuloa chepechepe. Pilipili mbuzi ni nzito kuota: nyingine huchomoza baada ya siku 7, nyingine huchukua hadi siku 21, na watu wengi humwaga kitalu kizima siku ya kumi wakidhani kimekufa. Wakati wa kusubiri ndipo kosa la maji linapoanza. Udongo unaolowana mchana na usiku, na miche iliyosongamana, hualika kinyausi, ule ugonjwa ambao shina la mche mchanga hunywea pale linapotoka ardhini na mche ukalala ukiwa bado wa kijani. Hakuna dawa ya kuuinua mche huo. Kinga yake ni udongo safi, kumwagilia asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya jioni, na kupunguza miche ili hewa ipite. Mwenye nafasi anaweza kuulowanisha udongo wa kitalu, kuutandaza na kuufunika kwa nailoni angavu kwa wiki nne hadi sita katika jua kali la Januari na Februari. Joto linalojifungia humo huua vimelea vingi, pamoja na minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi.

Mche huhamishiwa kwenye ndoo ukiwa na majani halisi manne hadi sita, kwa kawaida wiki ya sita hadi ya nane. Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja. Toboeni matundu yasiyopungua manane chini, kila tundu unene wa kidole, kisha ndoo ikae juu ya matofali ili maji yawe na pa kutokea. Ndoo nyeusi hupika mizizi ikikaa juani, hivyo ipakwe chokaa kwa nje. Mchanganyiko ninaoupendelea ni madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, na moja la mchanga wa mtoni. Nasisitiza mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, na sijui kwa nini bado unauzwa kwa toroli kwa watu wenye bustani.

Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri sana kwa kulegeza udongo na kushika unyevu, na hapa kwetu halina gharama. Hata hivyo, makumbi mengi ya pwani yamewahi kufukiwa katika matope ya bahari ili kupata usumba wa kusokota kamba, na makumbi hayo hubeba chumvi nyingi. Yalowekeni katika maji matamu, yakamueni, mrudie mpaka maji yanayotoka hayana ladha ya chumvi kabisa. Vumbi hilo pia hunyang'anya mche madini ya kalsiamu mwanzoni, kwa hiyo lisizidi robo ya mchanganyiko.

Wengi huongeza majivu. Mimi siyaweki, na nawaomba wenzangu wa Raskazone na Sahare msiyaweke. Pilipili hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kipimo cha pH cha 6 hadi 6.8, na udongo wetu wa matumbawe tayari umevuka hapo. Majivu huupeleka mbali zaidi, na yenyewe yana chumvi zake. Matokeo yake ni majani machanga kuwa ya njano katikati ya mishipa, kwa sababu mche unashindwa kuchukua chuma kilichomo udongoni.

Naishia hapa kwa leo ili nisikie na wengine.

Mama wa Ngamiani

Ahsante sana, kaka, kwa maelezo ya kina. Mimi nina swali ambalo pia ni pingamizi dogo. Natumia maji ya bomba, si ya kisima, na ndoo zangu zina matundu. Pamoja na hayo, miche yangu yote imejikunja majani ya juu, na mmoja umedumaa kabisa. Ukisema tatizo la pwani ni chumvi, kwangu limeingiaje?

Bustani ya Raskazone

Dada yangu, pingamizi lako ni la haki. Maji ya bomba ya jiji letu hutoka katika bwawa la Mabayani, linalopokea maji ya mto Zigi kutoka milima ya Usambara Mashariki, na ni maji matamu. Kwako tutafute kwingine, na jani lenyewe ndilo litakalotuongoza. Kingo zikikunjwa kwenda juu, jani likawa kama mashua, aghalabu ni vithiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani. Kingo zikikunjwa kwenda chini, jani likawa jembamba na gumu, na uharibifu ukaanza kwenye ncha changa kabisa, hapo ni utitiri, ambaye ni mdogo kiasi kwamba huwezi kumwona bila kioo cha kukuzia. Chumvi haikunji ncha changa kwa namna hiyo. Dalili yake huanza kwenye majani makubwa ya chini, ambayo kingo zake hugeuka kahawia na kukauka, wakati mche wote umesinyaa na rangi yake imekuwa nzito.

Kwa wote wawili kata ncha zilizoharibika uzichome. Kisha chukua kokwa za mbegu za mwarobaini, uzitwange, gramu 50 kwa kila lita ya maji, ziloweke usiku kucha, uchuje, uongeze sabuni kidogo ya maji na kupulizia jioni, hasa upande wa chini wa majani. Usipulizie mchana, kwa sababu jua na sabuni huunguza majani. Rudia kila baada ya wiki moja mpaka majani mapya yatoke yakiwa yamenyooka. Kama ni utitiri na mwarobaini haukutosha, salfa ya unga inayochanganywa na maji humdhibiti vizuri, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ila isitumike siku za joto kali.

Lipo jambo lingine la kuangalia. Ukiona majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyika, na vidudu vyeupe vinaruka unapoutikisa mche, huenda ni virusi vilivyoletwa na inzi weupe. Mche wa aina hiyo hauponi, na ni bora ung'olewe kabla haujaambukiza mingine. Mwenye kuvuta sigara na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika pilipili, kwa kuwa tumbaku hubeba virusi vinavyoshambulia jamii hii yote.

Mwana Pangani

Ninashukuru kwa uzi huu. Huku kwetu hatuna uchaguzi: maji ya uhakika ni ya kisima, na kisima kiko hatua chache kutoka baharini. Maji yake yana ladha ya magadi, na kiangazi ladha huzidi. Mzee wangu huyachemsha kwanza kabla ya kumwagilia, akiamini yanakuwa mepesi. Je, tuache kabisa kupanda pilipili?

Bustani ya Raskazone

Ndugu yangu wa Pangani, msiache, lakini kwanza msalimie mzee kwa heshima na umweleze kwamba kuchemsha hakuondoi chumvi. Mvuke unaopotea ni maji matupu, na chumvi yote hubaki kwenye sufuria, kwa hiyo maji yaliyochemshwa ni mabaya zaidi kuliko yalivyotoka kisimani.

Niruhusu nieleze chumvi inavyoua, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyika. Mzizi huvuta maji kwa kuwa ndani yake kuna mchanganyiko mzito kuliko uliopo udongoni. Udongo ukijaa chumvi, uzito huo hugeuka, na maji yanabaki yameshikwa na chumvi nje ya mzizi. Mche hunyauka mchana ilhali udongo umelowana. Mwenye mche akiona umenyauka huongeza maji yale yale ya kisima, na kila anapomwagilia, maji huondoka kwa jua na kwa majani lakini chumvi yake haiondoki, basi inarundikana. Baada ya wiki kadhaa utaona utando mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa ndoo. Wakati huo tayari mizizi myembamba imeungua. Shambani mvua za masika huisukuma chumvi chini kabisa, mbali na mizizi. Kwenye ndoo iliyowekwa chini ya upenu hakuna mvua inayofika, na ndiyo maana mche wa ndooni huathirika haraka kuliko wa ardhini.

Vipo vipimo vidogo vya mkononi, vyenye umbo la kalamu, vinavyopima chumvi kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Pilipili ni miongoni mwa mazao yanayoumia mapema. Maji yakisoma hadi 1.0 katika kipimo cha desisimensi kwa mita, mavuno hayapungui. Yakifika 1.5 utapoteza kama sehemu moja ya kumi, na yakifika 3.4 utapoteza nusu. Hesabu hizo ni za shamba linalopitisha maji vizuri, kwa hiyo kwenye ndoo mtu asijidanganye kwamba atapata nafuu zaidi. Asiye na kipimo na aonje: maji ambayo ulimi unayatambua kuwa ya chumvi tayari yana chumvi nyingi mno kwa pilipili.

Sasa suluhisho lenu ni paa la bati. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 50 za mraba, kwa mvua moja ya milimita 20, hutoa karibu lita 1,000, ukiacha kidogo kinachopotea, yaani simtanki zima. Mche mkubwa wa ndooni hunywa lita moja hadi mbili kwa siku wakati wa joto. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba simtanki moja linaweza kulea miche mitano kwa zaidi ya miezi mitatu. Acheni mvua ya kwanza ioshe paa, maana upepo wa bahari huacha chumvi na vumbi juu ya bati, ndipo muanze kukinga. Zibeni tangi vizuri ili mbu wasizaliane humo.

Mkilazimika kutumia kisima, changanyeni nusu kwa nusu na maji ya mvua, msimwagilie kwa vikombe vidogo vidogo, bali mwagilieni mpaka maji yatiririke kutoka matunduni, kila mara. Kisha mara moja kwa wiki mbili au tatu osha ndoo nzima: mimina maji matamu polepole, ujazo unaolingana na ujazo wa ndoo, na uyaache yote yatoke. Hiyo ndiyo dawa ya chumvi, na hakuna dukani inayoizidi. Kwa kuwa kuosha huondoa pia naitrojeni, weka mbolea baada ya kuosha, kamwe si kabla.

Bwana Shamba Mstaafu, Muheza

Nimeusoma uzi kwa makini na nimefurahi kuona kijana anaandika kwa ushahidi. Hata hivyo, nisiponena nitakuwa nimewanyima wakulima wa bara haki yao. Huku Muheza na kuelekea Amani maji ni matamu, udongo ni mwekundu na wenye uchachu, lakini pilipili hufa. Huamka asubuhi ikiwa imesimama, saa nane mchana imelala, jioni inajaribu kuinuka, na baada ya siku chache haiinuki tena, majani yakiwa bado ya kijani. Huo ni mnyauko wa bakteria, na mtu akisoma maelezo yenu ya chumvi anaweza kuukosea na kuendelea kuosha ndoo huku akisambaza ugonjwa kwa yale maji yanayotiririka.

Jaribio lake ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, kitumbukize ncha yake katika bilauri ya maji safi bila kukitikisa, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, hiyo ni bakteria. Mche huo ung'olewe pamoja na udongo wake, uchomwe, na ndoo ioshwe kwa maji yenye klorini. Udongo huo usipandwe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo wala pilipili nyingine, kwa kuwa vyote ni ndugu na vyote hushikwa.

Na kwa wale wanaotaka kujua udongo wao vizuri zaidi, Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Mlingano kipo hapa wilayani kwetu na kina wataalamu wa udongo. Watu hupita barabarani kila siku bila kujua.

Bustani ya Raskazone

Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kikamilifu kuhusu Muheza, na nashukuru kwa jaribio la bilauri, ambalo naomba kila mmoja alifanye kabla ya kuamua lolote. Kwa msomaji tofauti iwe wazi: mche wa chumvi huungua kingo za majani ya chini na hudhoofika kwa wiki nyingi, wakati mche wa bakteria huanguka kwa siku chache ukiwa na majani ya kijani. Na hata huko kwenu, mzee, maji yanayotuama ndiyo yanayoipa bakteria nafasi, kwa hiyo matundu ya ndoo na matofali chini yake yanamfaa mkulima wa Muheza sawasawa na wa Pangani.

Bwana Shamba Mstaafu, Muheza

Marahaba, kijana. Hapo tumeelewana. Ongeza tu kwamba ndoo zisipangwe moja juu na nyingine chini, maji ya moja yakaingia katika nyingine.

Binti wa Makorora

Naomba kuuliza kuhusu msimu na maua. Niliambiwa nipande Januari ili masika yanikute na miche. Nilifanya hivyo, miche ikachanua, lakini maua yakadondoka yote, na machache yaliyofunga yalioza yakiwa mtini. Mbolea niliweka nyingi tu.

Bustani ya Raskazone

Dada, ushauri wa Januari haukukufaa. Kwa pilipili mbuzi ya hapa mjini mimi nasia mbegu mwezi wa Mei, masika yakiwa yanaelekea mwisho, kisha nahamisha miche kwenye ndoo Juni mwishoni au Julai. Hapo mche hukua katika miezi ya kusi, ambayo ni ya baridi kiasi, huchanua Agosti na Septemba, na matunda huanza kuiva kuelekea vuli. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 au 35, na usiku nao ukabaki na joto kama ilivyo kwetu Februari, chavua hudhoofika na ua huanguka bila kufunga. Masika nayo huleta chule, ugonjwa wa madoa ya duara yaliyobonyea kwenye tunda, unaosambazwa na matone ya mvua. Mwenye ndoo ana bahati, kwa sababu anaweza kuzisogeza chini ya upenu mvua inapokuja.

Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini mahali pasipo na upepo wala nyuki ni vizuri kulitikisa tawi taratibu asubuhi. Kama uozo ulioukuta ulianzia kwenye kitako cha tunda, ukawa doa jeusi kavu, huo si chule. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi madini yenyewe yapo udongoni, ila mche umekauka leo na kufurika kesho, au chumvi imezuia mzizi kuyachukua. Unaona tumerudi kwenye maji.

Kuhusu mbolea nyingi, nakuomba upunguze. Mbolea za viwandani nazo ni chumvi, na ndoo ni mahali padogo. Wakati wa kupandikiza nachanganya kijiko kimoja cha chai cha DAP (mbolea ya kupandia) na udongo wa chini, kisha kila baada ya wiki tatu kijiko kimoja cha chai cha CAN (mbolea ya naitrojeni), kilichosawazishwa, kikiwa kimeyeyushwa katika maji na kumwagwa mbali na shina. Mche ukianza kuchanua nahamia NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu naitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri cha majani bila pilipili. Mche ukifika sentimita 25 hivi, nakata ncha yake ya juu ili utoe matawi ya pembeni; upepo wa kusi hauuangushi na maua huwa mengi.

Mpishi wa Achari

Mimi sipandi, nanunua kwa mnaopanda, na ninaomba tuseme kuhusu kuvuna, kwa sababu wengi huharibu hapo. Pilipili mbuzi huanza kuvunwa miezi miwili na nusu hadi minne baada ya kupandikizwa. Ya kijani ina harufu nzuri ya kuweka nzima kwenye mchuzi wa samaki, bila kupasuka, ila kwa achari nataka iliyoiva yote, kwa kuwa ndiyo yenye ukali kamili na utamu kidogo. Ikatwe kwa mkasi pamoja na kikonyo chake. Ikinyofolewa kwa mkono tawi huvunjika, na tunda lisilo na kikonyo huanza kuoza siku ile ile. Mvune mara kwa mara, maana mche ukiachiwa matunda yaliyoiva hupunguza kuchanua.

Ukali wake haumo kwenye mbegu kama watu wanavyosema, umo kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Humo ndimo kapsaisini, kemikali inayowasha, hutengenezwa. Kwa kipimo cha ukali cha Scoville pilipili nyingi za jamii hii hufika kati ya 100,000 na 350,000. Vaeni glavu mnapozipasua. Zikiwachoma mikono, maji matupu hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki majini; pakeni mafuta ya kula kwanza, kisha muoshe kwa sabuni. Mdomoni, maziwa.

Anayetaka kukausha ajue kwamba hewa ya Tanga si ya kuaminika. Pilipili nzima iliyoanikwa chini huota ukungu kwa ndani kabla haijakauka, na ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu, ambayo haionekani na haiondoki kwa kupika. Zipasueni mara mbili, zitandazeni juu ya chanja iliyoinuliwa na kufunikwa chandarua, zianuliwe kila jioni kabla ya umande, mpaka zivunjike kwa kukunjwa. Zinazopinda bila kuvunjika bado. Yenye doa la ukungu itupwe, isichanganywe kwenye unga kwa huruma.

Mama wa Ngamiani

Ahsanteni nyote. Nimeangalia majani yangu: yamekunjwa kwenda chini, kwa hiyo ni utitiri, na mwarobaini upo hapa hapa uani. Swali la mwisho, kaka. Mche wangu mmoja wa mwaka jana umemaliza kuzaa na umekuwa mrefu, mtupu chini. Niung'oe?

Bustani ya Raskazone

Usiung'oe, dada, ikiwa shina ni zima na jaribio la bwana shamba halikuonyesha kitu. Pilipili mbuzi huishi zaidi ya mwaka mmoja. Ukate mwishoni mwa Machi, mvua zinapoanza, ubakize kama sentimita 30 kutoka kwenye udongo zenye vifundo vichache vya kuchipua, na ukate kwa kisu kilichosafishwa. Ondoa udongo wa juu kina cha vidole vinne, ule wenye utando mweupe, uweke samadi iliyooza mahali pake. Halafu iache ndoo nje, nje kabisa ya upenu, ipigwe na mvua mbili tatu kubwa za mwanzo mpaka maji yanayotoka matunduni yasiwe na ladha yoyote, ndipo uirudishe kibarazani. Mbolea isubiri mpaka uone machipukizi yenye majani mawili au matatu.